Mfumo usioeleweka ni huduma iliyofungwa

Hazipiti wiki nyingi bila taasisi ya umma kutangaza kuwa huduma zake sasa zinapatikana mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya biashara, maombi ya ajira, mkopo wa elimu ya juu, usajili wa kampuni: vyote vimehamia au vinahamia kwenye mifumo. Gazeti hili limeunga mkono safari hiyo tangu mwanzo, na bado linaiunga mkono. Mifumo imepunguza foleni, imebana mianya ya rushwa, na imemfikishia mkazi wa wilayani huduma ambazo zamani zilimlazimu kupanda basi hadi Dar es Salaam au Dodoma.

Lakini nyuma ya kila uzinduzi kuna jambo la pili linalofanyika bila hotuba. Dirisha la kuhudumia watu linafungwa. Karani aliyekuwa akipokea fomu, akiisoma na kumwelekeza mtu alipokosea, anapangiwa kazi nyingine. Anayefika kuuliza anajibiwa maneno matatu: ingia kwenye mfumo. Akirudi kesho kusema ameshindwa, anaambiwa mfumo unasumbua, ajaribu baadaye.

Hapo ndipo tunapolazimika kupiga kengele. Mfumo ukishakuwa njia pekee ya kupata huduma, namna ulivyosanifiwa inakuwa sehemu ya huduma yenyewe. Mwananchi mwenye haki ya kupata cheti akishindwa kukipata kwa sababu skrini haikumwambia afanye nini, amenyimwa cheti. Tena amenyimwa kwa namna mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna ofisa aliyemkatalia, hakuna barua yenye sababu, na hakuna pa kukata rufaa. Kwenye takwimu za taasisi hatahesabiwa hata kidogo, maana ombi ambalo halikukamilika halionekani popote.

Kazi inayokosekana ina jina katika fani ya teknolojia: usanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Maana yake ni kumjua mtu atakayetumia programu, kifaa alichonacho mkononi, mahali alipo na jambo analotaka kulimaliza, kisha kupanga kila hatua, kila kitufe na kila neno ili alimalize bila kubahatisha na bila kuomba msaada. Kwetu kazi hiyo bado inahesabiwa kuwa ni kuchagua rangi na kuweka nembo mahali pake, jambo la siku mbili za mwisho kabla ya mgeni rasmi kukata utepe. Dhana hiyo ndiyo inayotugharimu.

Tuchukue kitu kidogo kabisa: kujaza namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kuanzia mwaka. Zinafuata tarakimu tano, tano nyingine, kisha mbili. Huandikwa kwa mafungu yaliyotenganishwa na vistari ili msomaji asipotee. Mwananchi anainakili kama anavyoiona, pamoja na vistari vyake. Fomu iliyotengenezwa bila kumfikiria inaikataa, na inamjibu kwa Kiingereza kwamba alichoingiza si sahihi. Haimwambii kama kosa liko kwenye vistari, kwenye tarakimu au kwenye jina. Anahesabu upya tarakimu moja moja kwa kidole. Anaandika tena vilevile, inakataliwa tena. Anaanza kuamini kwamba kitambulisho chake kina matatizo na anafunga safari kwenda ofisi za vitambulisho. Kumbe programu ingeweza kuviondoa vistari hivyo yenyewe kwa mstari mmoja wa msimbo, au kumwekea visanduku vinne vinavyofuata mafungu ya namba hiyo.

Akivuka hapo anatakiwa kupakia cheti. Amekipiga picha kwa simu yake, na picha imetoka na megabaiti tatu. Mfumo hautaki faili lizidi kilobaiti mia kadhaa, lakini katazo hilo halikuandikwa pembeni ya kitufe. Linajitokeza baada ya picha kupakiwa hadi mwisho na bando kuliwa. Namna ya kupunguza ukubwa wa picha haikuelezwa. Anahangaika, muda unaisha, mfumo unamtoa. Akiingia tena, kurasa tatu alizokwisha kuzijaza hazipo. Kila hatua kati ya hizo, ukiitazama peke yake, ni dosari ndogo ambayo mhandisi ataiita ya kawaida. Zikiunganishwa kwa kijana wa kidato cha sita ambaye dirisha la maombi linafungwa kesho saa sita usiku, zinatosha kumkosesha mwaka mzima wa masomo.

Ushahidi kwamba jambo hili limeenea uko mitaani. Karibu kila mji sasa una steshenari ambayo biashara yake kubwa imeacha kuwa kuuza daftari na kutoa nakala. Ni kuwajazia watu fomu za serikali. Mteja anakaa kwenye benchi na bahasha ya vyeti, kijana wa steshenari anauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya kitambulisho, na kuandika haraka kwa sababu fomu ile ameshaijaza mara nyingi. Majirani zetu wa Kenya wanaijua hali hiyo. Juni inapokaribia kuisha, vibanda vya intaneti, wanavyoviita saiba, hujaa watu wanaolipia kujaziwa ritani za kodi, wakiwemo wasio na kipato chochote cha kutangaza, kwa kuogopa faini ya shilingi 2,000 ya kuchelewa.

Hatuwalaumu vijana wa steshenari; wanajaza pengo ambalo hawakulichimba. Tunachosema ni kwamba huduma iliyotangazwa kuwa rahisi na nafuu imezaa malipo mapya ambayo hayamo kwenye ratiba yoyote ya ada. Na fedha si hasara kubwa kuliko zote. Ili ajaziwe fomu, mwananchi anamkabidhi mtu asiyemjua nywila yake, namba yake ya kitambulisho, vyeti vyake na mara nyingi hata ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu kuthibitisha kuwa ni yeye. Wapo wanaosajiliwa kwa barua pepe ya steshenari kwa sababu hawana yao. Miezi sita baadaye wanapotaka kubadilisha nywila, ujumbe unakwenda kwa mwenye duka aliyekwisha kuhama mtaa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Ni vigumu kuona itakavyolinda taarifa ambazo mifumo ya umma yenyewe, kwa ugumu wake, inawasukuma wananchi kuzigawa dukani.

Wakuu wa taasisi wakielezwa haya huwa na jibu moja: wananchi hawana elimu ya kidijitali, tutatoa semina. Jibu hilo tunalikataa.

Nchi hii imejaa watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta, na kila siku wanatuma na kupokea fedha kwa simu za kitochi. Mama lishe analipwa kwa simu, anamlipa muuza mkaa kwa simu, anatuma ada kijijini kwa simu, na hakuna semina aliyoitiwa. Mtu huyohuyo akishindwa na fomu ya leseni, tatizo halikuanzia kwake. Linaanzia kwa tofauti kati ya programu mbili: moja ilitengenezwa kwa kumtazama yeye, nyingine ilitengenezwa kwa kutazama muundo wa idara.

Historia ya M-Pesa inaonyesha tofauti hiyo inavyotokea. Nick Hughes wa Vodafone alipopata wazo la huduma hiyo, kwa msaada wa fedha za idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, lengo lake halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kuwawezesha wateja wa mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Oktoba 2005 majaribio yalianza Kenya, Nairobi na Thika, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, na wateja walikuwa mamia machache tu. Susie Lonie, mtaalamu wa Vodafone, alipelekwa Nairobi kuyasimamia. Waliokuwa wakifuatilia waliona watu wakifanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wengine walikuwa wakiweka fedha mjini na kuzitoa mwisho wa safari ili wasitembee na noti mfukoni. Wafanyabiashara walikuwa wakihifadhi mauzo ya siku humo usiku. Wengine walikuwa wakiwatumia jamaa zao walio mbali. Sehemu ya marejesho ya mikopo, iliyokuwa kiini cha mradi, ndiyo iliyowatatiza zaidi wateja na taasisi yenyewe.

Timu ile ingeweza kusema wateja hawajaelewa, wapewe mafunzo. Haikusema hivyo. Ilibadilisha bidhaa. Huduma ilipozinduliwa rasmi na Safaricom Machi 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na ahadi ilikuwa moja: tuma pesa nyumbani. Iliwekwa kwenye menyu fupi ndani ya laini ya simu, ikafanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa, ikategemea wakala wa dukani ambaye mteja angeweza kumuuliza swali. Kabla ya mwaka kuisha watumiaji walikuwa wamevuka milioni moja, na mwaka uliofuata huduma ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Wala kazi haikuishia kwenye uzinduzi. Watu walikuwa wakikosea tarakimu moja ya namba na fedha ikaenda kwa mgeni. Lingekuwa jambo rahisi kubandika tangazo la kuwataka wateja wawe makini. Dawa iliyofanya kazi ilikuwa ya usanifu: mtumaji anaonyeshwa jina la mpokeaji kabla fedha haijaondoka. Jina moja kwenye skrini lina nguvu kuliko tangazo la tahadhari, kwa sababu linampa mtu anachokihitaji kuamua, wakati uleule anapoamua.

Anayedhani kwamba makosa ya skrini ni matatizo ya wasiosoma aitazame Citibank, mojawapo ya benki kubwa duniani. Agosti 11, 2020, benki hiyo ilitakiwa kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takriban dola milioni 7.8. Ilichotuma kilikaribia dola milioni 900. Muamala huo ulikuwa umepita mikononi mwa watu watatu waliopewa mafunzo: mmoja aliingiza, wa pili akakagua, wa tatu akaidhinisha. Ili fedha ya msingi ya mkopo ibaki ndani ya benki, programu ilihitaji wajaze sehemu tatu tofauti kwenye skrini. Wao walijaza moja, ile iliyobeba jina la fedha ya msingi, na wote watatu waliamini inatosha, kwa sababu ndivyo skrini ilivyoonekana kusema. Kabla ya kutuma, onyo lilitokea kuwaambia kuwa fedha zitatoka nje ya benki na kuwauliza kama wanataka kuendelea. Onyo hilo halikutaja kiasi. Kwa kuwa walijua kuna riba inayotakiwa kutoka, walibonyeza kuendelea.

Benki ilifanikiwa kurejeshewa sehemu ya fedha hizo haraka. Takriban dola milioni 500 ziligombaniwa mahakamani, benki ikashindwa Februari 2021, na ikaja kushinda kwenye rufaa Septemba 2022. Somo kwetu liko kwenye lile onyo. Kama lingeandika kiasi, milioni 900 mahali pa milioni 7.8, yeyote kati ya wale watatu angeshtuka. Watu hawakukosa elimu. Programu ilikosa kiasi kimoja cha fedha kwenye sentensi moja.

Mahali pengine hasara haikuwa ya fedha. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Canada na kutumika huko na Marekani, iliwapiga wagonjwa sita dozi kubwa mno ya mionzi, na baadhi yao walikufa. Makosa ya ndani ya programu yalikuwepo, na vizuizi vya usalama vilivyokuwa kwenye mashine za awali vilikuwa vimeondolewa. Lakini skrini nayo ilihusika. Katika hospitali moja mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, mashine ilisimama na kuandika neno moja la hitilafu na namba 54. Kitabu cha maelekezo hakikueleza maana yake kwa namna ya kumsaidia mwendeshaji. Mashine ile ilikuwa na kawaida ya kusimama mara kwa mara kwa hitilafu ndogo, na mwendeshaji alikuwa amezoea kubonyeza herufi moja ili iendelee. Akabonyeza. Mgonjwa akapigwa mionzi kwa mara ya pili.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu hospitali zetu zinaingia kwenye mifumo ya kompyuta kwa kasi: kumbukumbu za wagonjwa, maagizo ya dawa, majibu ya maabara. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa wengi kuliko uwezo wake hana muda wa kufasiri skrini. Mfumo unaomletea maonyo mengi yasiyo na maana unamfundisha kuyapuuza yote, na siku onyo la kweli litakapokuja litapuuzwa pamoja na mengine. Yeyote anayenunua mfumo wa hospitali bila kumketisha muuguzi huyo mbele yake anacheza na maisha ya watu.

Kwa nini basi mifumo mibaya inaendelea kuzaliwa? Haitokani na uhaba wa vijana wenye uwezo. Tunao, na baadhi yao wanatengeneza bidhaa zinazotumika nje ya nchi. Chanzo kiko kwenye namna tunavyoagiza, tunavyopokea na tunavyolipa.

Zabuni ya mfumo huorodhesha moduli. Moduli ya usajili, moduli ya malipo, moduli ya ripoti. Mkandarasi anajua atakaguliwa kwa orodha hiyo, kwa hiyo anaitimiza. Hakuna mstari kwenye orodha unaosema kuwa mkulima wa Nachingwea aweze kukamilisha usajili kwa simu yake bila msaada, kwa hiyo hakuna anayelipwa kulihakikisha hilo. Siku ya makabidhiano mfumo unaonyeshwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, intaneti ya kasi na skrini kubwa, na anayebonyeza ni yuleyule aliyeutengeneza, akitumia taarifa za majaribio ambazo anajua zitakubaliwa. Wakuu wanapiga makofi. Wengi wao hawatautumia mfumo huo maishani, maana wana wasaidizi wa kuwajazia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiyo ndiyo hali ya vikao vinavyopitisha mifumo yetu.

Kuna jambo la pili lililo zito zaidi. Duka la mtandaoni lenye programu mbovu hupoteza wateja, na mwenye nalo hurekebisha au hufunga. Taasisi ya umma haina hofu hiyo. Mwananchi hawezi kwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa kwa mshindani. Atarudi tena na tena, atalipa steshenari, atakopa bando, na mwisho wa mwaka taasisi itaripoti kuwa idadi ya watumiaji imeongezeka. Pale ambapo soko haliwezi kumtetea mtumiaji, ni sheria na uwajibikaji pekee vinavyoweza.

Suala la lugha nalo halivumiliki tena. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hoja kwamba haki isiyoeleweka na mwenye haki ni nusu haki. Hoja hiyo ni ya kweli vilevile kwenye skrini. Bado kuna mifumo ya umma inayozungumza Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mingine ina kitufe cha Kiswahili, lakini ukikibonyeza yanabadilika majina ya menyu tu. Maelezo ya fomu, masharti na ujumbe wa kosa vinabaki vilevile. Na ujumbe wa kosa ndio mahali mtu anapohitaji lugha yake kuliko pengine pote. Kutafsiri maneno mwishoni hakutoshi pia. Kiswahili cha fomu kiwe kile watu wanachokisema: iandikwe “namba ya simu”, si “kiunganishi cha mawasiliano ya mkononi”.

Na watu wenye ulemavu wasisubiri hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu. Programu za kusoma skrini kwa sauti zimo tayari ndani ya simu janja za kawaida. Lakini mtu asiyeona hawezi kunufaika nazo kama kitufe kimewekwa kama picha isiyo na maandishi, au kama uthibitisho kwamba yeye si roboti ni kusoma herufi zilizopindwa bila njia mbadala ya sauti. Hayo si mambo ya gharama kubwa. Ni mambo ambayo hakuna aliyeyauliza wakati wa kutengeneza.

Tunajua hoja itakayoletwa: fedha na muda havitoshi. Tunajibu kwamba gharama haikwepeki. Kinachoamuliwa ni nani ataibeba na lini. Kosa linaloonekana kwenye mchoro wa karatasi linafutwa kwa kifutio. Kosa hilohilo likionekana baada ya mfumo kusambazwa nchi nzima linahitaji mkataba mpya, na hadi mkataba huo upatikane wanaolipa ni wananchi. Marekani ilijifunza hivyo Oktoba 1, 2013, ilipofungua tovuti ya kitaifa ya bima ya afya. Mbali na kuelemewa kiufundi, tovuti hiyo ilimlazimisha kila mtu kufungua akaunti kabla hata ya kuona bei za bima, na uamuzi huo ukarundika umati wote kwenye hatua moja. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa sita.

Wala kupima hakuhitaji mabilioni. Mtaalamu Jakob Nielsen ameeleza tangu mwaka 2000 kwamba ukiwaketisha watumiaji watano tu, ukawapa kazi ya kufanya na ukanyamaza ukiwatazama, utaona sehemu kubwa ya matatizo ya msingi. Kwa mfumo wa taifa, wenye watu wa kila aina, watano hawatoshi. Lakini wafanyabiashara wadogo watano, wanafunzi watano, wazee watano na watu wenye ulemavu watano wanapatikana katika wilaya yoyote kwa nauli na chakula cha mchana. Uingereza ilianzisha mwaka 2011 kitengo maalumu cha huduma za kidijitali serikalini, ikazindua mwaka uliofuata tovuti moja ya huduma zote, na tangu 2014 huduma mpya zimekuwa zikipimwa kwa kiwango kinachodai utafiti kwa watumiaji halisi kabla ya kufunguliwa kwa umma. Lililowezekana huko halihitaji utajiri wa Uingereza. Linahitaji amri na anayeisimamia.

Kwa sababu hizo tunatoa wito ufuatao.

Kwanza, Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 kusimamia viwango vya mifumo ya umma, isiruhusu mfumo wowote wa wananchi kufunguliwa bila ripoti ya majaribio na watumiaji halisi, nje ya ofisi, kwa simu wanazotumia na mtandao wanaoupata. Ripoti hiyo iwekwe wazi.

Pili, mikataba ya ununuzi ifunge malipo ya mwisho ya mkandarasi na matokeo ya majaribio hayo. Kama watumiaji wanashindwa kukamilisha huduma bila msaada, mfumo haujakabidhiwa.

Tatu, kila taasisi ichapishe kila robo mwaka idadi ya watu walioanza kuomba huduma mtandaoni, idadi ya waliokamilisha, na hatua ambayo wengi waliishia. Takwimu hizo zimo tayari kwenye kompyuta zao. Wabunge wazidai kwenye kamati, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali azitazame anapopima thamani ya fedha.

Nne, dirisha la kuhudumia watu ana kwa ana lisifungwe hadi takwimu hizo zionyeshe kuwa wanaolitegemea wanaweza kweli kuhudumiwa kwa njia nyingine. Na kila mfumo uwe na namba ya simu ya bure inayopokelewa na mtu mwenye uwezo wa kutatua tatizo.

Tano, vyuo vyetu vinavyofundisha uhandisi wa programu viache kumhitimisha mwanafunzi ambaye hajawahi kukaa pembeni ya mtu asiyemjua akimtazama anavyohangaika na kazi yake. Don Norman, ambaye kitabu chake cha mwaka 1988 ni miongoni mwa misingi ya fani hii, alisisitiza kwamba mtu akikosea kutumia kitu mara kwa mara, wa kuulizwa kwanza ni aliyekisanifu. Mhandisi asiyefunzwa hilo atamlaumu mtumiaji maisha yake yote.

Kampuni binafsi nazo zisijione ziko salama. Benki, kampuni za simu na za bima zinapeleka wateja kwenye programu za simu na kupunguza matawi, na makosa tuliyoyataja yanaonekana humo pia. Tofauti ni kwamba huko mteja ana pa kukimbilia, na atakimbia.

Kwa wasomaji wetu tunasema: acheni kuamini kwamba mmeshindwa kwa sababu hamjui. Ukikwama, piga picha skrini, andika tarehe na saa, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye taasisi husika na nakala kwa mbunge wako. Malalamiko yaliyoandikwa ni ushahidi. Manung'uniko ya kwenye benchi la steshenari hayafiki popote.

Bajeti ya mwaka ujao wa fedha itatenga tena mabilioni ya shilingi kwa mifumo mipya. Tunawataka wanaoiandaa waweke ndani yake, kwa jina na kwa kiasi, fungu la kuwapima watumiaji katika kila mradi, na tunawataka wabunge wakatae kupitisha mradi wa TEHAMA usio na fungu hilo. Kodi inayojenga mifumo hiyo imelipwa na watu wote, na kila mmoja wao ana haki ya kuitumia mifumo hiyo kwa mikono yake mwenyewe.